Shimo la Chokaa Nyuma ya Mahakama

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, mvua ilikuja mwaka uliofuata. Mwaka wenyewe ni ule walipoanza kuikarabati mahakama ya zamani, wakamwita fundi mwashi asimamie kuta. Watu walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, maana hata kiti kikiwa kimepinda kidogo hakikalii.

Kuta zile za mawe alizijua kama mtu anavyoyajua meno yake. Baba yake ndiye aliyezipiga lipu ya chokaa, naye Timazi akazitunza miaka thelathini. Kwa ukarabati huu akachimba shimo nyuma ya jengo, akaloweka chokaa, akasema isiguswe miezi mitatu mpaka ikomae.

Wiki ya tano alikuta shimo limefukiwa kwa kifusi na kushindiliwa. Wageni wa ufunguzi wangeegesha magari pale.

"Mzee, siku hizi ni saruji," injinia wa ukarabati akamwambia. "Unapaka leo, kesho imekauka."

"Mwanangu, ukuta huu unanywa maji toka chini, unayatoa kwa kupumua. Ukiupaka saruji umeuziba pua."

Vibarua wakacheka. "Na mafua je, mzee, ukuta unapata?"

"Chafya yake mtaisikia."

Akatia mwiko mfukoni, akaenda zake. Mkewe alimpokea mlangoni. "Umefukuzwa au umejifukuza?"

"Vyote viwili, mama."

Mvua ikaja. Lipu ya saruji ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, kisha bamba zima likamwangukia karani wa mahakama begani, kalamu ikiwa mkononi. Siku ya tatu ripoti ikabandikwa ubaoni: chanzo ni uzembe wa fundi wa awali. Chini yake jina kamili la Timazi, ambalo hata majirani walikuwa hawalijui. Kila mwenye kesi akalisoma.

Timazi, ambaye hajapata kumfokea hata mbuzi aliyekula shati lake, alikwenda moja kwa moja mahakamani. Akaliokota bamba lile lililotupwa uani, akapanda nalo ngazi, akalibwaga mezani kwa injinia, juu ya nakala ya ripoti.

"Nionyeshe chokaa yangu humo."

Injinia akashika simu. Karani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akageukia dirisha.

"Sitaki kazi, sitaki pole," akasema Timazi. "Nina neno moja tu."

Akaliuliza siku ile, na akaliuliza kila alipopita pale mpaka miguu ikamchoka, na wote walikuwa na haraka ya kwenda mahali:

"Nani aliyeamuru shimo langu lifukiwe?"