Hiram na Mtungi ya Gesi

Hiram alisema sijui kufinya. Miaka yote hii hiyo neno imenikaa kwa koo, na mtu asiniambie nisamehe.

Huyo ni caretaker wa plot ya nyumba za kupanga ya Mzee Kimaiyo hapa Mau Narok. Viatu inang'ara, kazi hakuna. Kwa ukuta ya corridor kulikuwa na mitungi mbili za kuzima moto: moja ya poda, ingine ya gesi, ile iko na mdomo mweusi kama tarumbeta. Fundi alituita wapangaji wote akatuonyesha. Moto ya stima usimwagie maji, itakuua. Chukua ya gesi. Toa pini, lenga chini penye moto inatokea, finya, fagia huku na huku. Usishike hiyo tarumbeta, itakuchoma na baridi. Na ikitumika hata kidogo, irudishwe ijazwe. Hiram alikuwa hapo hapo, anacheka na simu.

Siku waya ilishika moto kwa kibanda yangu ya chipo, ya viazi vya kukaanga, hapo mbele ya plot, nilichukua ya gesi, nikatoa pini, nikalenga, nikafinya. Ikapumua kidogo, ikanyamaza. Kibanda ikaisha yote. Hiram akaambia Kimaiyo, "Huyu mathe hajui kufinya." Nikafukuzwa. Nikauza viazi kando ya barabara, kwa hiyo baridi yetu, watoto wakinipita na kuniita nyanya, "Cucu, finya!"

Juzi Hiram alikuwa anapokea wakwe wa binti yake hapo plot. Wamama wa plot wakaniita kumenya viazi. Nilienda kuona tu vile anajifanya mkubwa. Tukasikia mayowe kwa store. Nikasukuma mlango. Kreti ya soda imejaa moshi nyeupe ya baridi, na Hiram ameshika tarumbeta, ngozi imegandia hapo, analia kama mbuzi.

Kimaiyo akafika nyuma yangu. "Hiram! Mtungi ya moto inafanya nini na soda?"

"Natia baridi tu, mzee. Huwa nabakisha kidogo."

"Huwa?"

Hiram akavuta mkono, ikakataa kutoka. Wakwe wamejaa mlangoni.

"Huwa, tangu lini?" Kimaiyo anamuuliza yeye, lakini macho iko kwangu.

 Wamama wakaleta beseni ya maji vuguvugu. Kimaiyo akasema kesho nirudi kwa plot, na Hiram aniombe msamaha sasa hivi, mbele ya wageni wake. Akaomba, mkono ndani ya beseni.

Nikamwambia atoe sauti, wale wa nyuma hawajasikia.