Jina kwa Gunia la Unga

Fearchar Bisset alilala Bisset akaamka Fraser, na kilichombadilisha ni gunia la unga wa shayiri.

Mwaka ule, huko milimani Uskoti, mvua iliozesha mavuno, bonde zima likawa linachemsha majani ya porini. Chifu wa Wafraser, ukoo wenye nguvu, akatangaza kwamba atakayechukua jina lake atachukua na gunia. Fearchar alikuwa na mkewe Mairead, watoto watatu waliokonda mpaka macho, na baba yake, mzee Ualan. Akaenda. Nani amlaumu? Mimi simlaumu hata kidogo. Ninachomlaumia ni mdomo wake.

Mzee Ualan uji hakuususa, aliunywa na sufuria akakwangua. Ila kila jioni, kama zamani, alikaa motoni akawataja baba zao mmoja baada ya mwingine, vizazi na vizazi, vyote kichwani. Kule ukiulizwa wewe nani, unamtaja baba, na baba wa baba, hadi aliyeuliza atosheke. Fearchar aliwajua watatu tu. Utotoni usingizi ulimchukua kabla ya wa nne.

Siku moja jirani yao Eoghan alimchokoza mbele za watu. "Karibu, bwana Fraser wa gunia! Unga ukiisha utaitwa nani?" Watu wakacheka mbavu hawana. Fearchar akafika nyumbani damu inamchemka, akamkuta mzee yuko katikati ya majina.

"Baba, hebu nyamaza! Hao maiti wako wameshamlisha nani?"

"We Fearchar!" Mairead akamaka.

"Niache! Watoto wamelishwa na unga, si na wao."

Mzee akamtazama. "Haya, mwanangu. Nimesikia." Tangu siku hiyo hakuyataja tena.

Kesho nitamwomba radhi, Fearchar alijiambia. Kesho ikawa mavuno, ikawa baridi, ikawa miaka. Aibu nayo, kadiri unavyoiahirisha ndivyo inavyozidi uzito.

Mpaka Mairead alipojifungua kitinda mimba, mvulana. Fearchar akampigia mzee magoti. "Nisamehe, baba. Nipe majina, nimfundishe huyu."

Uso wa mzee ukang'aa. "Nilidhani hutaniuliza kamwe!" Akamshika mkono. "Fearchar, mwana wa Ualan, mwana wa Domhnall, mwana wa Coinneach, mwana wa..."

Akanyamaza. Akaanza upya, akakwama palepale. Akajaribu tena kwa haraka, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Wapi!

"Huyo wa nne aliogopa radi," mzee akasema. "Babu alinihadithia. Alikuwa na nywele nyekundu, akiwapenda sana ng'ombe wake. Jina lake... mama yangu wee, jina lake!"

"Pumzika, baba. Litarudi."

Halikurudi, wala majina ya waliomtangulia. Majira yote ya baridi mzee alijaribu, midomo ikimcheza hata akiwa anakula, na bonde zima hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema mwishowe. "Nimewapoteza."

Fearchar, aliyejua vizuri ni nani aliyewapoteza, akaweka kichwa magotini pa baba yake akalia.