Soketi Kwenye Ukuta wa Vigae wa Bibi

Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi na nimekutana na wajinga wa kila namna, lakini hakuna aliyemfikia yule msimamizi wetu Mzungu wa Tabora, siku zile Tanganyika ilipokuwa bado mikononi mwao. Alivaa kaptula iliyonyooshwa kwa wanga, soksi zimevutwa hadi magotini, na mfukoni mwa shati alichomeka penseli tatu zilizochongwa. Penseli tatu! Hata moja hakujua kuitumia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bibi mmoja mjane, Mwarabu wa mjini, alikuwa na soketi katika chumba chake cha kufulia, nayo iliwekwa karibu mno na bomba la maji. Mkono uliolowa ungeweza kuigusa. Msimamizi alisema ihamishwe hatua mbili kulia, na katika hilo alisema kweli. Hakusema tu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeikagua na kuipitisha mwaka uliotangulia. Mambo ya namna hiyo alikuwa mwepesi kuyasahau.

Shida ilikuwa ukuta. Ulifunikwa kwa vigae vyeupe vyenye ua la buluu, ambavyo marehemu mume wa yule bibi alivinunua Unguja akavileta kwa treni, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha kanzu kuukuu. Alivibandika kwa mkono wake mwenyewe. Safu ya juu haikuisha. Alifariki kabla, na bibi hakutaka mtu mwingine aimalize, kwa hiyo pale juu pakabaki lipu tupu. Vigae vya akiba havikuwapo, wala hapakuwa na duka lililouza vya namna ile kutoka Tabora hadi Kigoma.

Tulifika asubuhi. Msimamizi hakupiga hodi. Nilipiga mimi kwa niaba ya wote wawili. Bibi alikuwa nyuma ya pazia la mlango, kama ilivyokuwa desturi yao wanapoingia wanaume wageni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ninachowaombeni ni hivyo vigae tu. Msinivunjie."

Msimamizi alikwisha kupiga magoti, anachora. Alivuta mstari kutoka soketi ya zamani hadi mahali pa mpya, umenyooka kama reli, ukikatiza vigae vitano katikati. Hapo ndipo alipotaka nichimbe mfereji wa kupitishia waya. Akaweka pimamaji juu ya mstari wake, akatabasamu peke yake. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma labda angekuwa na haki. Ile ilikuwa nyumba ya zama za misafara, kuta zake za udongo na nene, na kila aliyekulia Tabora anajua kwamba kuta hizo zina mashubaka, yaani vile vijishimo vya kuwekea taa na vyombo. Kabla ya kuchimba unagonga kwa kidole, unasikiliza. Nikagonga. Palitoa sauti ya mtungi mtupu.

Bibi hakuuona mstari wala penseli. Alisikia kugonga kwangu tu, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Hapo pana shubaka, mwanangu. Ndipo nilipokuwa nikiweka taa. Marehemu aliliziba kwa ubao, akabandika vigae juu yake. Mkipiga hapo vitashuka vyote. Zungukeni stoo, muutoboe ukuta kwa nyuma. Mtang'oa kigae kimoja tu."

Maneno machache, na kazi nzima imo ndani yake.

"Yeye nasema nini?" aliuliza msimamizi. Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai na kufukuza watu kazi, basi.

Sasa nimefika mahali ambapo ningetamani kupita mbio. Babu yangu alibeba pembe za wageni kutoka huku hadi pwani, na kwetu Itetemia alisifiwa kwa mabega yake. Walisimulia kwamba aliwahi kumwambia tajiri wake usoni kuwa njia aliyoichagua haina maji, kisha akatua mzigo na kuukalia. Mimi nilikuwa na viatu, baiskeli, na ahadi ya kupandishwa daraja. Msimamizi hakupenda kusahihishwa na Mwafrika. Kusahihishwa na mwanamke aliye nyuma ya pazia kungempandisha wazimu, na wazimu huo ungenishukia mimi.

"Anasema karibuni, bwana," nilimjibu. "Anasema tufanye tu."

"Basi piga. Upesi."

Nikashika tindo na nyundo. Pigo la kwanza, la pili. La tatu, tindo likazama hadi kwenye ngumi yangu, na ubao ulioliwa na mchwa ukaachia. Vigae vikashuka, si vitano, ni kumi na kimoja, vikapasukia miguuni pa msimamizi. Ndani ya shubaka mlikuwa bado na masizi ya taa.

Msimamizi alipangusa soksi zake. "Ukuta mbovu," alisema. "Nyumba ya Mwarabu, mbovu." Akaandika hivyo katika daftari kwa mojawapo ya zile penseli, akapanda gari, akaenda zake kunywa chai. Sijapata kumdharau mtu kama nilivyoudharau ule mgongo wake ukitoka mlangoni.

Nilizunguka stoo, nikapitisha waya kwa nyuma kama bibi alivyosema. Haikuchukua hata saa moja.

Niliporudi alikuwa ametoka nyuma ya pazia, ameinama, anaokota vipande na kuviweka kwenye ungo. Vyenye ua alivitenga. Hakulia.

"Ulimwambia, mwanangu?"

"Nilimwambia, Bibi. Hakusikia."

"Najua. Hawasikii hao. Pole, wamekutia aibu bure."

Katika nyumba zile fundi haondoki na njaa, hata siku ya msiba. Akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, kwenye sahani ya wageni.

"Kula," alisema. "Wewe huna kosa."

Nikala, nikamaliza mkate wote, na mwezi uliofuata nikapandishwa daraja.