Mama Aliyemkagua Darrell Miguu

Sikuwahi kuona mama akimkunjia suruali mwanaume mzima kabla hata hajamsalimia.

Nimekuja kuona hapa Daegu, Korea Kusini, kwenye mgahawa wa supu, mchana kweupe.

Mimi nilizaliwa Korea, nikalelewa Denmark. Huko walinipa jina la Birgitte. Nilirudi zamani, lugha nimejifunza ukubwani, na kila Jumapili tunakula pamoja watu wa aina yangu: tuliopelekwa kwa Wazungu tukiwa watoto.

Darrell alilelewa Marekani. Jamaa alikuwa na wimbo mmoja tu: nashukuru. Wazazi wa kule walimpenda, wakamsomesha, basi.

Mimi nililelewa kama paka wa jirani. Kwa hiyo nilikuwa namchana kavukavu. Tuliuzwa, namwambia, na wewe unawashukuru wanunuzi.

Anacheka tu, anamimina wali kwenye supu yake.

Kisha ofisi iliyompeleka Marekani ikampigia. Mama yake kapatikana.

Akaniomba nikamtafsirie. Nikamjibu naenda, tena niko tayari kukaa mbele kabisa, nione hizo shukrani zikimkauka mdomoni.

Mama huyo, Bi Noh Gap-sun, alikuja mgahawani na ndoo ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, aliyoitengeneza mwenyewe, kaifunga kwa kitambaa.

Hakuketi. Alipiga magoti sakafuni, akamkunjia Darrell suruali mguu wa kushoto. Akatazama. Akakunja na wa kulia.

Akaniambia mwanawe aliangukia jiko la makaa, goti likaungua hadi nyama ikaonekana. Kovu la vile haliondoki.

Magoti ya Darrell hayakuwa na hata mkwaruzo.

"Anasemaje?" Darrell akaniuliza. Bado anatabasamu, masikini.

Nikatafsiri yote.

Bi Noh akainuka. "Mwambie huyu si wangu. Wale wa ofisini walimpa jina la mwanangu tu. Sijui ni mtoto wa nani."

Akabeba ndoo yake, akatoka. Hakugeuka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimuuliza Darrell, sasa hata jina lako la Kikorea si lako, bado unashukuru?

Akashusha suruali taratibu, mguu mmoja, halafu mwingine.

"Ulichokuwa unasema ni kweli, dada. Tuliuzwa," akasema. "Lakini aliyenilea hakunikagua kwanza."



Jumapili iliyofuata hakuja. Baadaye tukasikia karudi Marekani. Simu zangu hapokei.

Anayekuja siku hizi ni Bi Noh. Mtu alimwonyesha tunapokutana. Anaketi pembeni, hali chochote, na kila akiingia mwanaume mgeni anamtazama magotini.

Mimi ndiye ninayemtafsiria. Hadi leo hakuna aliyekuwa wake.

Hasira yangu ninayo bado, na sitamwomba mtu radhi kwa kuwa nayo. Ila usimpokonye mwenzio shukrani zake kama huna cha kumpa badala yake.