Martina Atumwa Kuonja Wanzuki

Martina hakuwahi kutia pombe mdomoni, na ndiyo sababu walimchagua yeye. Mwaka ule wa 1975, kijiji chao kipya cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kutoka Itigi, kilikuwa na asali nyingi kuliko wanunuzi. Mwenyekiti Melkizedeki akasema watapika wanzuki, ile pombe ya asali, wawauzie abiria wa treni. Alihitajika mwalimu, na wapishi waliosifika mjini walikuwa wawili: Mzee Mughwai na Anastazia.

"Wanaume hapa kila mmoja ana kwake pa kunywea," alisema mwenyekiti. "Mama Lea, nenda wewe ukaonje. Wewe huna upande."

Martina alitaka kusema kwamba anao. Mumewe, Laurenti, alikuwa ametoka kunywa kwa Anastazia siku alipogongwa na treni ya mizigo. Miaka sita sasa, hajapita mbele ya nyumba ile. Lakini mkutano ulikwisha kupiga makofi.

Alianza kwa Mzee Mughwai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Alipopewa kata aliimeza kwa mkupuo kama dawa chungu, machozi yakamtoka. Mzee akacheka. "Si hivyo. Nusa kwanza. Halafu iache ulimini, itembeze mdomoni, uteme."

Akarudia. Sasa akausikia moshi, ule wa kufukuzia nyuki, na uchachu uliokwaruza koo. Akashangaa kwamba ulimi wake unajua.

Kisha akaenda kwa Anastazia. Mwenye nyumba alipomwona alisimama tu, hakumsalimia.

"Umekuja kunitukana, mama Lea? Tukana. Nimekungoja miaka sita."

"Nimetumwa kuonja."

Anastazia akamchotea. Martina akanusa, akaiweka ulimini. Ilikuwa nyepesi, tamu isiyokinaisha, yenye harufu ya maua ya vichakani baada ya mvua ya kwanza. Aliitafutia kasoro kwa bidii, asiione. Kibaya zaidi, hakuitema. Aliimeza, na mwili ukataka nyingine. Hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kikimvuta Laurenti, akaogopa.

"Siku ile nilimwambia apumzike kwanza," alisema Anastazia. "Akasema unamngoja."

Martina akaweka kata chini, akaondoka bila kuaga.

Kikaoni angeweza kumtaja Mzee Mughwai, na hakuna ambaye angejua. Mwenyekiti akamwuliza ipi ni nzuri.

"Ya Anastazia ndiyo nzuri," alisema. "Ila mimi msinitume tena."

Anastazia akaja kukaa kijijini, akafundisha, na abiria wakaipenda wanzuki ya kijiji. Wanakijiji nao wakaipenda. Yeye na Martina walisalimiana kila asubuhi, na jina la Laurenti hawakulitaja tena. Lakini kila Martina alipomwona mume wa mtu akirudi nyumbani anayumba, alijiuliza kama siku ile kikaoni ingekuwa heri angesema uongo.