Mwaka Akina Baba Walipoleta Viazi Vikuu Shuleni

Kwetu, kwenye matuta yaliyo juu ya Mikinduri, mvua ya Oktoba huja kama mtu aliyetukanwa. Hupiga mabati ya shule mpaka mwalimu anaacha kusema na kuanza kuandika, na tope la njiani lingeweza kumvua ng'ombe viatu kama ng'ombe angevaa viatu. Mgeni akiona kijani kile chote hudhani tunashiba. Kumbe huo ndio wakati wa njaa. Mahindi ya ghalani yamekwisha, maharagwe mapya ndiyo kwanza yanatoa maua, na mama anainjika sufuria ya maji huku akifikiria ataweka nini ndani.

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi. Nilikuwa pia mama wa watoto wanne, mke wa mtu, na mwenye mbuzi mmoja mkorofi kuliko wanasiasa wote wa Kenya, lakini hizo zilikuwa kazi za mchana. Jua likishuka niliingia gumbaru, darasa la watu wazima. Tulisomea chumba cha darasa la kwanza, kwa taa ya karabai, na benchi nililokalia jioni ndilo alilokalia kitinda mimba wangu asubuhi. Magoti yangu yalinifika kidevuni. Uhuru tulikuwa tumeshapata, tukabaki sisi wengine kujifunza kuusoma.

Mwalimu wetu wa gumbaru, ambaye mchana alifundisha wadogo wale wale, alinipa kazi ya mazoezi. Langoni mwa shule palikuwa na ubao wa matangazo chini ya kibati cha kuukinga mvua. Alisema, kwa kuwa chaki naishika kama mwiko na siogopi mtu, niwe naandika hapo habari za shule. Watoto wangezisoma wakitoka na kuzipeleka nyumbani. Hakuna redio iliyofika mbali kama watoto wale. Habari niliyoiandika saa za asubuhi ilikuwa imeshavuka mito mitatu kabla chai ya jioni haijachemka.

Basi wiki moja mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa mtu wa upande wa Embu, mpole, anayesema kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akaniambia mahindi na maharagwe ya jiko la shule yatakwisha Ijumaa. Wakubwa watavumilia, ila wale wadogo wanaotoka mbali hawawezi kukaa hadi jioni bila chakula, kwa hiyo watabaki nyumbani mpaka Januari. Na kwa kuwa watakuwa wamekosa mtihani wa kufunga mwaka, watarudia darasa.

Mtoto wangu alikuwa miongoni mwao. Kutoka kwetu mpaka shuleni ni kushuka bonde, kupanda tuta, kushuka tena na kupanda tena, na yeye alikuwa na miguu kama ya kuku wa kienyeji. Lakini nililokumbuka mimi lilikuwa lingine. Mimi mwenyewe nilitolewa shuleni hivyo hivyo, utotoni, msimu mmoja wa njaa. Walisema nitarudi. Nilirudi nikiwa na watoto wanne na kisigino kilichopasuka.

Niliandika ubaoni kwamba akina mama tunaombwa kuleta chakula. Akina mama walileta walichokuwa nacho, yaani huruma. Mmoja alileta ndizi mbichi, mwingine majani ya kunde, na muuza nyama wa sokoni, Mwislamu mmoja mwema, akatutumia mifupa ya supu. Chakula cha kweli kilikuwa ardhini, na kila mtu alijua kiko wapi. Kilikuwa kwenye viazi vikuu, vile tunavyoita ikwa.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali hawezi kujua. Kwetu kiazi kikuu ni cha mwanamume. Yeye hukipanda, hukiongoza kikapanda mti wa mringa, na yeye peke yake hukichimba. Hakitoi chote. Hukata sehemu ya chini, akaacha kichwa na kukifukia, nacho huzaa tena. Mke anaweza kulima shamba zima mpaka mgongo upinde, lakini panga lake haliingii kwenye shina la ikwa. Na mwaka ule wanaume walikuwa wamevifungia viazi vyao kabisa, kwa sababu Desemba vijana wengi wangetahiriwa, na wageni wa sherehe hawapewi maji ya moto. Mume wangu alikuwa na kimoja kilichopandwa kabla kijana wetu mkubwa hajaota meno. Alikuwa anakiwekea siku ya kijana huyo.

Mwalimu mkuu aliita mkutano wa akina baba. Alikuja mzee mmoja tu, mjane aliyekuwa analea mjukuu wake wa darasa la pili. Kesho yake mzee huyo akaleta kiazi. Kilikuwa kidogo, unene wa mguu wa mtoto mchanga. Kamba aliyokifungia ilikatika pale langoni, ikabidi mjukuu ashike upande mmoja na babu upande mwingine mpaka jikoni.

Nikachukua chaki. Nikaandika: Leo babu wa mtoto wa darasa la pili ameleta kiazi kikuu. Kimebebwa na watu wawili.

Mwalimu mkuu alisimama mbele ya ubao muda mrefu.

"Mama," akasema, "ubao wa shule hausemi uongo."

"Mwalimu, walikuwa watu wangapi?"

Akafikiri. Akakohoa. Akaenda zake ofisini.

Habari ikasafiri. Asubuhi iliyofuata akaja baba mmoja wa bondeni na kiazi kwenye baiskeli, kifua mbele, akiuliza hicho cha watu wawili kiko wapi akione. Tulimwambia kimeshaliwa. Chake kilikuwa kizuri, sikatai. Jua lilitoka dakika ile ile, kwa hiyo nikaandika kwamba kiazi cha baba wa bondeni kimepita langoni na kivuli chake. Siku iliyofuata wakaja wawili. Wa kwanza nikaandika kwamba kiazi chake kimezima moto wa jiko. Kweli kilianguka kutoka mikononi mwa mpishi kikaua kaa la mwisho. Wa pili nikaandika kwamba mpishi ameomba shoka. Aliliomba kwa ajili ya kuni, lakini ubao ni mdogo, huwezi kuandika yote.

Ijumaa ilikuja ikapita na jiko linatoa moshi. Akina baba ambao hawajawahi kujua lango la shule linafungukia wapi sasa walikuwa wanafika na viazi mabegani, wanasimama, wanasubiri niandike. Walijifanya wanapumzika.

Ila ubao haukuwa na habari ya nyumba yangu, na viazi vya wanaume wenye moyo havikuwa vingi. Kufikia wiki ya tatu mpishi aliniambia vilivyobaki vitafika Jumanne, labda Jumatano akikata vyembamba. Mtihani ulikuwa bado mbali. Mtoto wangu alikuwa ameanza kusoma sentensi nzima, na usiku alizisoma usingizini.

Mume wangu alifanya kazi Timau, kwenye mashamba makubwa ya ngano, kule kwenye baridi inayokausha masikio. Alikuwa akirudi kila Jumamosi. Jumamosi ile alirudi amenuna. Alinisalimia mimi baada ya mbuzi. Nikamwekea chai, akakaa anaizungusha kikombeni.

Kumbe habari zangu zilikuwa zimefika Timau, tena zimenona njiani. Kule, kiazi cha babu kilikuwa kimebebwa na watu wanane kwa machela. Wenzake wa shamba walikuwa wamemtania wiki nzima wakila. Mmoja alimwuliza kama mke wake hujua kuandika viazi vya wanaume wengine tu. Mwingine akamwuliza kama chake anakilinda mpaka kiote ndevu.

"Mama watoto," akasema, "uliandika kwamba kiazi cha yule wa bondeni kilikuwa na kivuli?"

"Kilikuwa nacho. Jua lilikuwa limetoka."

Nusura acheke. Akajizuia kwa chai. Kisha akasema lile nililojua atasema, kwamba sherehe ya kijana ni Desemba, na wageni watakula nini, chaki?

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno matamu, yale ya kuvimbisha kichwa cha mwanamume mpaka kofia imbane. Nilikuwa nayo debe zima. Yakakataa kutoka. Nikamwambia tu kama yalivyokuwa.

"Mimi nilitolewa shuleni kwa msimu mmoja. Waliniambia mvua ikiisha nitarudi. Huyu mdogo ana wiki chache tu za kumaliza." Kisha nikaongeza, "Na wageni wako wa Desemba ni akina nani? Si ni hao hao baba ambao watoto wao watakuwa wamekula kiazi chako? Watakuja mikono mitupu?"

Akauliza kama sukari imekwisha. Ilikuwa imekwisha tangu Septemba.

Jumapili tulikwenda kanisani, akaimba kwa sauti kuliko kawaida. Jumatatu, siku ambayo alipaswa kuondoka mapema kwenda Timau, nilimsikia alfajiri nyuma ya nyumba. Niliposogea na maziwa mkononi, alikuwa amepiga magoti chini ya mringa, anafukua kwa mikono, polepole, kama mtu anayetafuta pete. Alikata, akakifukia kichwa, akakikanyagia udongo. Kisha akamwita ndugu yake, wakakata mti, wakakifunga kile kitu kwa kamba ya mgomba, wakakiinua mabegani.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa siongezi hata chumvi. Kilibebwa na watu wawili. Watu wazima, mmoja mbele na mwingine nyuma, na mti ulipinda. Kilikuwa na matawi kama mkono wa mtu anayesimamisha gari. Walipumzika kila tuta. Mtoto alitangulia mbele na begi lake, akiwaambia watu njiani wapishe.

Walipofika langoni watoto wote walitoka madarasani bila kengele. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akavua miwani. Mpishi alikizunguka kile kiazi, akacheka peke yake, akaenda kuomba shoka, safari hii si kwa ajili ya kuni.

Mume wangu alisimama mbele ya ubao, jasho linamtoka, ananitazama. Nikaichukua chaki. Na pale, nakwambia, nikakwama. Watu wawili nilikuwa nimeshampa babu. Kivuli nilikuwa nimempa wa bondeni. Moto, shoka, vyote nilikuwa nimevigawa kwa viazi ambavyo ukivipanga pamoja visingefika nusu ya hiki. Ningeandika nini ambacho mtu angeamini? Watoto walikuwa wanasubiri. Niliandika mstari mmoja nikaweka nukta.

Mume wangu kusoma hakujua. Alimgusa mtoto begani.

"Mama yako ameandikaje?"

Mtoto akasogea karibu na ubao, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti ya kuwafikia hata walio jikoni:

"Leo baba amekuja shuleni."

Mume wangu akangoja. Alidhani kuna mstari mwingine.

"Na kiazi?"

"Kiazi kiko jikoni, baba," mtoto akasema, kama anayemweleza mtu mgeni. "Twende nikuonyeshe."

Akamshika kidole, wakaenda. Timau hakwenda siku hiyo. Alikula na darasa la kwanza, ameketi kwenye lile benchi letu, magoti yamemfika kidevuni kama mimi, anashikilia sahani ya bati kama anayeogopa kuivunja. Akaulizwa na watoto kama kweli kiazi chake kilibebwa na watu wawili. Akasema ndiyo. Wakamtazama kwa huruma, kwa sababu cha yule babu nacho kilibebwa na wawili.

Kile kiazi kililisha wadogo siku nyingi kuliko alizotabiri mpishi, na kabla hakijaisha baba wengine walikuwa wameshaona mringa wa nani umebaki bila kuguswa, na wenye miringa hiyo wakaleta vyao. Mtoto wangu alifanya mtihani wake tumboni mna kitu, akapanda darasa la pili. Na Jumamosi zilizofuata, mume wangu akirudi kutoka Timau, kabla hajamsalimia hata mbuzi, alimwita huyo mdogo aketi karibu naye amsomee ubao umesema nini wiki hiyo.