Kamera ya Joto na Madumu ya Mawese

Wiki iliyopita fundi umeme alikuja kwenye kiwanda kidogo cha sabuni ninapofanya kazi, hapa Bangwe, Kigoma, akiwa na kamera inayoenea kiganjani. Akaielekeza kwenye mota, akatuita tuone. Kwenye kioo mota yote ilikuwa ya bluu, isipokuwa pembeni palipowaka nyekundu. Akasema beringi inakufa, ibadilishwe mapema. Wenzangu wakamshangilia. Naye akanogewa, akatusimulia kwamba kamera hizi zilianzia jeshini, za kumwona adui gizani kwa joto la mwili wake, na kwamba zamani zilikuwa mizigo ya kubebwa na gari. Siku hizi zinaingia mfukoni. Nilitoka nje. Fundi hana kosa, ila kile kidude nakichukia, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Nilikiona mara ya kwanza ziwani, siku tuliyokuwa tunampeleka mama hospitali Kigoma.

Kijijini kwetu, kusini mwa Ujiji, barabara ni ya kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa husafiri kwa boti, na boti haiondoki kwa ajili ya mgonjwa peke yake. Inabeba mawese. Na sisi mawese tunayasafirisha ya moto. Asubuhi ya baridi yakipoa yanaganda, na wanunuzi wa soko la Kibirizi wakiona mafuta yameganda wanakunja sura, eti si mazuri. Basi tunayachemsha alfajiri, yakipungua ukali tunayamimina kwenye madumu, tunayafunika kwa mablanketi na kuyapanga wima botini chini ya turubai.

Mama alikuwa na malaria, amefika pale pa kutetemeka mpaka meno yanagongana. Nahodha alikuwa shemeji yangu, na ndiye aliyesema tumlaze katikati ya madumu. Mama akajikunja humo, mgongo kwenye dumu moja, nyayo kwenye jingine. Haukupita muda mrefu meno yakatulia. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hapa pazuri. Msinitoe mpaka tufike." Nikamwahidi.

Tulipokaribia Ujiji ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Boti ya doria ikatokea, ikatuamuru tuzime mashine. Mbele alisimama kijana mwenye sare, kamera jichoni. Shemeji ana mvi, lakini hakuna aliyemwamkia.

"Una abiria wangapi?"

"Wawili, afande. Mgonjwa na binti yake."

"Acha uongo, mzee. Chini ya turubai naona watu wamejaa, wamechuchumaa."

"Ni mawese hayo. Ni ya moto, tumetoka kuyachemsha."

"Mawese yana joto la mtu? Umeniona mimi mjinga?"

Wenzake wakacheka. Wakaruka kwenye boti yetu, wakavuta turubai, wakakuta madumu yamevaa mablanketi na mama yangu katikati. Hapo nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza, maana sasa wale wenzake walikuwa wanamcheka yule kijana. Mtu mzima akichekwa huku ameshika kamera mkononi hawezi kusema nimekosea. Akaamuru kila dumu lihamishiwe kwenye boti yao, lifunguliwe, lichunguzwe, kwa sababu lazima kuna kitu ndani.

"Tuachie hata mawili," nikamwambia. "Yanampa joto huyu mgonjwa."

"Ukaguzi haujaisha, dada."

Wakayabeba yote na mablanketi yake. Mama akabaki juu ya mbao tupu, maji ya chini ya boti yakimlowesha ubavu. Meno yakaanza tena. Nilivua kitenge changu nikamfunika, nikalala juu yake, na upepo ukatupita wote wawili. Nilisikia vifuniko vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, bila haraka, na wale wanaume wakibishana kuhusu mpira. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Shemeji akaninyamazisha, akiogopa tutawekwa ndani. Naye nilimchukia kwa dakika ile.

Madumu yalipokwisha bila kupatikana kitu, yule kijana akarudi. Akaelekeza kamera kwa mama, akaiangalia. Akanigeuzia kioo nione. Uso wa mama ulikuwa na rangi kidogo katikati. Mikono na miguu yake ilikuwa myeusi sawa na mbao za boti.

"Huyu bibi amepoa sana," akasema, kama mtu aliyefanya ugunduzi. "Mwahisheni."

Alisema mwahisheni.

Madumu tulirudishiwa yakiwa vuguvugu, hayamfai mtu. Tulifika hospitali, wakampokea vizuri, wakamtundikia dripu. Alfajiri iliyofuata alikata roho bila kuongea tena. Daktari alinieleza kwa upole kwamba malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, kwamba hata tungefika mapema pengine isingesaidia. Nilimsikiliza, nikamshukuru, na ninaamini alisema kweli.

Sawa, malaria ndiyo iliyomuua mama. Lakini ile baridi aliyokufa nayo alipewa na mtu, na mtu huyo alikuwa anaiona kwenye kioo.